Mlio wa Kiti cha Nyuma

Asifiwe Mungu aliyeniacha na macho ya kuona barabara katika umri huu, na aliyenipa mke ambaye masikio yake yamebaki mazima baada ya yangu kuchoka. Mungu hutangulia safari zetu kabla hatujawasha gari. Namshukuru kwanza, ndipo nisimulie.

Gari letu ni pikapu ya milango minne, na kwa kusema haki ni magari manne. Bodi ndiyo niliyoinunua. Injini ilitoka kwenye gari la abiria lililopinduka, gia boksi ikapatikana Sirari, mpakani. Difu, yaani kile chombo cha mviringo katikati ya ekseli ya nyuma kinachopokea nguvu ya injini na kuigawa kwenye magurudumu, ilitoka kwenye gari jingine kabisa. Vijana wa kwetu Mugumu wakiliona linapita husema, "Makande hayo." Silikasirikii jina hilo. Makande, mahindi na maharage chungu kimoja, yanashibisha.

Kazi yote hiyo ya kuunganisha ilifanywa na mkwe wangu, mume wa binti yetu wa tatu. Wanaishi Genkuru, naye ana gereji kando ya barabara, hutengeneza magari ya watu wa machimboni.

Mwaka huo binti yetu alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo wauguzi walimwonya mapema asikae nyumbani kungoja uchungu. Aende hospitali, Tarime mjini, siku zikikaribia. Tukapatana kwamba gari letu ndilo litakalompeleka. Mimi na mama yake tuliondoka Mugumu asubuhi ili tulale Genkuru na kesho yake twende naye.

Mke wangu hukaa kiti cha nyuma siku zote, apate kunyoosha mguu na kushika mizigo yake. Tulipoanza kuteremka kuelekea Mto Mara akasema, "Linalia."

"Nini kinalia?"

"Gari lako. Huku nyuma."

"Huo ni upepo."

"Upepo gani unanyamaza ukikanyaga mafuta?"

Nikaachia mafuta, nikategea sikio. Mimi nilisikia injini tu. Lakini kutoka hapo sikuwa na amani. Mtu akishaanza kulisikiliza gari, kila kitu ndani yake kinasema: mlango, jeki chini ya kiti, sufuria za mke wangu. Nilikuwa nikiomba moyoni na katikati ya ombi najikuta nahesabu sauti za gari. Nilimwona akilini binti yangu ndani ya gari hilo kesho yake, mlimani, limekwama.

Mkwe wangu alitupokea vizuri. Aliniamkia mimi, kisha akamwamkia mama mkwe wake kwa mbali, uso ameugeuzia pembeni. Kwetu Wakurya mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kutokaribiana. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, sembuse gari moja. Sisi ni watu wa kanisa, mimi mwenyewe nimefundisha katekisimu miaka mingi, lakini heshima hiyo hatukuiacha na sijaona dhambi ndani yake.

Nikamweleza habari ya mlio. "Ni gia boksi, tata," akasema bila kufikiri, akiniita baba kwa Kikurya. "Tangu niifunge naishuku. Niliiwekea oili nzito." Akaendesha, mimi kando yake, tukaenda mpaka njia panda na kurudi. Hakusikia kitu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni. "Mwambie asikilize kwa nyuma."

Mkwe wangu alisikia, lakini alingoja mimi nifikishe. "Anasema usikilize kwa nyuma."

"Mwambie mama gari nimelisikiliza lote."

"Anasema gari..."

"Nimemsikia," akasema mke wangu. "Kiziwi ni wewe."

Hapo ndipo nilipoona tatizo letu. Fundi alikuwa amelijaribu gari mara nyingi, daima akiwa mbele, akiwa peke yake au na mimi. Mtu pekee aliyekuwa akikaa nyuma, juu ya ule mlio, ndiye mtu pekee ambaye hawezi kupanda naye.

Binti yetu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imemvimba. "Mkimaliza kutumana mniambie," akasema. "Kama ni pikipiki nijiandae."

"Na tumbo hilo?" mama yake akamwuliza.

"Basi fungeni pazia mpande wote."

Aliinuka mwenyewe, akaingia chumbani, akarudi na pazia la dirisha na kamba. Tukalifunga kwenye vishikio vya juu ya milango, likakata gari katikati. Mkwe akashika usukani, mimi nikakaa kando yake, mke wangu akapanda nyuma ya pazia.

Tukatoka. Barabara ilipoinama, sauti ikaja kutoka nyuma: "Sasa."

"Anasema sasa."

"Nimesikia, tata." Akakanyaga mafuta. "Muulize na hapa?"

"Limenyamaza," pazia likajibu.

Akalipeleka gari kulia na kushoto, akitaka kujua kama ni beringi za magurudumu, maana hizo hubadili sauti gari likiegemea upande mmoja. Halikubadilika. Kisha akatoa gia kabisa, akaliacha liteleze lenyewe.

"Ndiyo kwanza linaimba," akasema mke wangu.

Mkwe wangu akasema polepole, kama anayejisemea, kwamba kama ingekuwa gia boksi, mlio ungebadilika kila anapobadili gia. Huu ulifuata mwendo wa magurudumu tu. Akasimamisha gari. Alitaka kuusikia mwenyewe.

Mke wangu akateremka, akasimama kando ya barabara ametupa mgongo. Mimi nikahamia kwenye usukani. Mkwe akafungua mlango wa nyuma, akakitazama kiti alichotoka mama mkwe wake, asiingie.

"Mwambie hicho ni kiti cha gari," akasema mke wangu bila kugeuka, "si kitanda changu."

Hata hivyo hakukikalia. Alipiga magoti sakafuni, akalaza sikio juu ya bati. Nikaendesha hivyo, nikiogopa kila shimo kwa ajili ya kichwa chake. Mteremko wa kwanza tu akagonga mlango kwa kiganja. "Inatosha, tata. Ni difu."

Nyumbani aliingia chini ya gari, akafungua propela, lile bomba refu linaloleta nguvu nyuma, akashika pale linapofungwa kwenye difu na kutikisa. Akaniita nitikise na mimi. Palicheza kama jino linalotaka kung'oka. Alipomwaga oili, ilitoka na vumbi la chuma, linameta.

"Kesho tungefika Tarime?" nikamwuliza.

Alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mngeweza kufika. Difu ingeweza pia kujifunga mlimani, magurudumu yasizunguke."

"Na yeye ndani."

"Na yeye ndani, tata."

Difu ya kwanza, ile ya bodi yenyewe, alikuwa ameihifadhi gereji. Aliitoa zamani kwa sababu na injini hii ndogo gari lilikuwa zito la mwendo, injini inapiga kelele na gari haliendi. Siku hiyo hakuna aliyetaka mwendo. Alifanya kazi mchana wote. Nilikaa karibu nikimpa spana, nikashindwa kukaa, nikazunguka nyumba, nikarudi. Alikaza nati ya mwisho jua likiwa linazama.

Asubuhi tuliondoka, mimi nikiendesha, mama na binti nyuma, mume wake akitufuata kwa pikipiki. Malori yalitupita, bodaboda wakatupita.

"Baba, hata mbuzi wanatupita," binti akasema.

"Linalia?" nikamwuliza mke wangu.

"Endesha."

Nilimwuliza tena, na tena. Ukimya wa gari nao ulinisumbua. Tulikuwa hatujafika Nyamisangura, unapoanzia mji wa Tarime, binti yangu aliponishika bega kwa nguvu, uchungu umemwanza. Mama yake akasema, "Usisimame. Usikimbie pia. Endesha hivyo hivyo."

Niliendesha hivyo hivyo, kwa mwendo ule wa difu ya zamani, mpaka mlango wa hospitali. Wakamwingiza upasuaji mara moja. Daktari alituambia baadaye kwamba kama uchungu ungemkuta gari limekwama njiani, kovu la upasuaji wa kwanza lisingevumilia. Alijifungua msichana. Wote wawili ni wazima, na utukufu ni wa Mungu.

Wewe unayesoma, Bwana akubariki wewe na wa nyumbani mwako. Akujalie watu wanaosikia yale usiyoyasikia, akupe subira ya kuwaamini, na kila uendapo akufikishe salama kwa wanaokungoja.