Dada alinisahau mimi, akaikumbuka harufu ya makumbi

Wakuu, heshima zenu. Walio wakubwa kwangu shikamooni, ingawa humu nadhani mmebaki wachache. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe na siongezi chumvi.

Mimi ni bibi, simu nimefundishwa na wajukuu, kwa hiyo makosa ya typing mnisamehe.

Nilizaliwa Paje, kijiji cha pwani. Miaka ya hamsini, nikiwa mdogo sana, mama alifariki. Aliyenilea ni dada yangu, Mwaka. Naye alikuwa kigori tu, hajaolewa, lakini ndiye aliyenikogesha, akanisuka nywele, akanilaza kifuani kwake. Mama yangu simjui sura. Nikisikia neno mama, ninayemwona ni Dada Mwaka.

Kazi yake ilikuwa makumbi. Kwa wasiojua: makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, hufukiwa ufukweni, yakakaa miezi mpaka yalainike. Maji yakipwa wanawake huyafukua na kuyaponda kwa gongo, zikatoka nyuzi za kusokotea kamba. Uvundo wake usiombe. Ukiingia nao mjini watu wanakuhama!

Sasa dada ni mzee sana, kusahau kumemwingia. Tulimhamishia mjini, Kiembe Samaki, kwa binti yake, Zuhura. Wanawe anawajua siku moja moja. Mimi hakunijua kabisa. Nikimsalimia ananiitikia marahaba kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Iliniuma, jamani. Niliogopa ataondoka duniani bila kunijua.

Nikawa namhoji. "Dada, mimi nani?" Kila nikienda, mtihani. Nikampelekea picha ya harusi yake. Nikamfukizia udi, maana nilisoma mtandaoni kwamba harufu inaamsha ubongo. Wapi! Alipiga chafya tu.

Nikanunua hata usumba sokoni, zile nyuzi zenyewe, kavu na safi. Akafutia vumbi kwenye kiti.

Basi nikaenda Paje mazikoni. Siku hizi wanawake wengi wako kwenye kilimo cha mwani, lakini nikamkuta mmoja anafukua makumbi. Nikamwomba kidogo, mabichi, yanachuruzika maji.

Zuhura alipofungua mlango alirudi nyuma. "Mama mdogo, nini hicho? Ndani hakiingii!"

Tukakaa uani. Nikamwekea dada mbele yake, na siku hiyo sikumuuliza kitu.

Akanusa. Mkono ukaenda wenyewe, akakamua maji, akawa anatafuta cha kupondea. Zuhura akampa mchi. Akaponda, mwanamke ambaye asubuhi alishindwa kufunga kifungo.

Kisha akasema, bila kunitazama: "Fanya haraka mwenzangu. Maji yanajaa, na mie n'na mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Mdogo wangu. Homa imemshika tangu jana, hali wala hanywi. Nimemwacha kwa jirani, roho yangu haiko hapa. Mama nshamzika. Na huyu akinifia, ntabaki na nani?"

Wakuu, mimi homa ile siikumbuki. Sikuwahi hata kuhadithiwa. Dada ameolewa, amezaa, amezika mume, na katika yote hayo ubongo wake ukachagua siku aliyoniogopea mimi.

Ulimi uliniwasha nimwambie ni mimi. Nikajizuia. Angemwona bibi kizee mwenye mvi, angechanganyikiwa bure, na mtoto wake bado mgonjwa.

Nikamwambia, "Nimetoka kwake sasa hivi. Keshapona. Kala uji wote."

Akaacha kuponda. "Kweli?"

"Wallahi, dada."

"Alhamdulillahi," akasema. Akafunika uso kwa mikono yake iliyolowa, akalia. Na mimi nililia, sioni haya kuwaambia.

Nilichojifunza: mtu aliyesahau usimfanye mwanafunzi. Kumbukumbu haiji kwa kuulizwa, ina mlango wake, na ikija inajichagulia yenyewe cha kuja nacho. Mimi nilitaka anijue uso. Sasa sitaki tena, nikienda namsalimia tu, nakaa naye.

Mnaouguza wazee, kwenu mlango uko wapi? Na kama humu yumo mtaalamu wa ubongo, aniambie kwa nini ilichaguliwa siku ile. Nitamsoma kwa adabu, lakini mimi jibu langu nnalo: alikuwa bado hajapata wa kumwambia kwamba nimepona.