Gasketi ya Gari la Tata

Mwaka wa mwisho wa uhai wa Tata, yaani baba yangu, gari lake lilianza kuvuja oili kwenye kifuniko cha juu cha injini. Oili iliteremka mpaka kwenye ekzosi, ikaungua, na moshi ukaingia ndani kupitia matundu ya hewa. Baba yangu hakutaka kusikia habari ya fundi. Alipaka gundi ya silikoni mwenyewe ukingoni mwa kifuniko, akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Tulikuwa tunajua amerudi kabla hajafungua lango, maana harufu ile ilimtangulia ikipanda kilima.

Alipofariki tulimzika nyumbani, kando ya migomba. Gari likawa langu, kwa kuwa nyumbani ni mimi tu niliyejua kuendesha. Nilienda nalo Kisii mjini, ninakouza vitambaa vya sare za shule, na nilipopata nafasi nikawa nalipandisha hadi kwa Mama, ng'ambo ya Keroka.

Siku moja Mama alinipigia simu akauliza kwa nini nilifika langoni nikageuza bila kuingia. Nikamwambia sijatoka dukani tangu asubuhi, na gari liko hapa mbele yangu, ninaliona. Akasema basi si kitu, alisikia harufu ya oili tu, akabandika chai.

Nilidhani ni majonzi. Lakini wiki chache baadaye nilikwenda kumsaidia kuchuma majani chai, nikaliacha gari Kisii kwa sababu barabara ya kwetu ilikuwa tope tupu. Mchana ukungu ulishuka, hata safu ya michai iliyofuata sikuiona vizuri. Hapo ndipo ilipokuja harufu ile, oili kwenye chuma cha moto. Haikuenea kama moshi wa jirani. Ilitupita, kama mtu anavyokupita shambani, ikaelekea juu nyumbani. Mbwa wetu, ambaye hajisumbui kumwinukia mgeni, aliinuka akaenda langoni huku akitikisa mkia.

Mama alitua kikapu, akafuta mikono kwa kanga, akapanda kwenda nyumbani. Hakuniangalia. Mimi nilishuka mpaka barabarani. Tope lilikuwa laini, limeloa, na hapakuwa na alama ya tairi hata moja.

Nilimweleza baba mdogo, ndugu yake Tata, ambaye aliendesha lori miaka mingi na sasa amestaafu hapo jirani. Nilitarajia acheke, au aseme tuite watu wa kanisa waje kuomba. Alifikiri kwanza.

“Tuzibe hii ya gari,” alisema. “Ikibaki harufu nyingine, tutajua si ya gari.”

Sabato ilipopita, Jumapili, tukaliweka gari kwenye kibanda chake pale nyumbani. Tuliiacha injini ipoe. Baba mdogo alichomoa waya za plagi, nami nikafungua bolti. Kifuniko kiling'ang'ania. Akakigonga taratibu kwa kipande cha mti mpaka kikaachia. Gasketi ya ndani, ule mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imekauka kama gamba la kobe, ikavunjika mikononi mwangu. Upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki kifuniko kikiwa mahali pake, palikuwa na bonge la silikoni iliyoganda. Juu yake kulikuwa na alama ya kidole gumba.

Mistari yote ilionekana. Katikati ilikatwa na kovu la mshazari, lile Tata alilolipata akikata mgomba. Baba mdogo alishusha spana. Kwa muda tulikuwa watu wawili tunaotazama kidole cha mtu aliyeko chini ya udongo, hatua chache kutoka hapo, kikiwa kimebonyea kana kwamba kimeinuliwa sasa hivi.

Silikoni ya zamani lazima itoke yote, la sivyo gasketi mpya itavuja vilevile. Sote wawili tulilijua hilo, na hakuna aliyeshika kikwaruzio. Nikaenda kumwita Mama.

Alikuja, akainama, akaweka kidole chake juu ya alama ile, akakiacha hapo.

“Kwarueni,” alisema. “Hapa hayupo.”

Tukakwarua. Tukafuta kingo kwa kitambaa chenye petroli, tukalaza gasketi mpya kwenye mfereji wake, tukakaza bolti kidogo kidogo kuanzia katikati. Nililiendesha mpaka Keroka na kurudi, vioo vimefungwa. Nilisikia harufu ya mvua tu, na ya jasho langu.

Mwezi uliofuata nilikuwa jikoni na Mama tukimenya ndizi, gari likiwa kibandani tangu jana yake. Harufu ikaingia mlangoni. Nilikimbia nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la vinyago linalochimbwa Tabaka. Niliporudi, Mama hakuwa ameinuka. Alikuwa akimenya huku akiongea Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti ya kawaida, akieleza kwamba ng'ombe amezaa, kwamba gari limetengenezwa, kwamba watoto wako salama na Tata anaweza kupumzika. Nilisimama kizingitini, nikaogopa kupita kati yao. Harufu ilififia polepole, ikabaki ya utomvu wa ndizi tu.

Sijaisikia tena tangu hapo. Kama Mama huisikia, sijui. Nikimuuliza, ananiuliza kama nimekula.