Picha Ile Ilingoja Kamati

Chuoni tulimwita Mama Sera, na hakuchukia. Alikuwa mkuu wa ofisi ya huduma kwa jamii, chumba kimoja chenye feni mbovu na meza mbili, yake na yangu mimi fundi wa kompyuta. Kanuni zote za ofisi ile aliziandika yeye. Moja aliipenda kama mtoto wa kumzaa: picha ikishawekwa kwenye tovuti ya chuo, haifutwi mpaka kamati ikae. Zamani wakubwa walijifutia wanachotaka ili kuficha uzembe wao, naye akaukomesha mchezo huo. Nilimheshimu kwa hilo.

Kila Jumanne wanafunzi wa sheria walitoa ushauri wa bure kwenye ukumbi wa mtaa wa pili. Siku moja wakapiga picha, wakaiweka kwenye tovuti ya chuo pamoja na jina la mtaa. Kesho yake akaingia ofisini mshonaji mmoja wa mtaa ule, mkono wa kushoto haunyooki.

"Dada, mimi nimo kwenye ile picha. Mume wangu ndiye aliyenivunja huu mkono, nikamkimbia na watoto. Hajui tunakoishi."

Mama Sera alimkalisha, akampa maji. Nikashika kipanya. "Naifuta sasa hivi, mama."

"Usiguse," Mama Sera akanizuia. "Leo tukifuta kwa huruma, kesho watafuta kwa hila. Naitisha kikao cha dharura."

Alihangaika kweli, simu haikumtoka sikioni. Lakini mwenyekiti alikuwa safarini, wajumbe hawakutimia, kikao kikasogezwa mpaka Ijumaa. Ningeweza kuifuta alipotoka kwenda kula. Niliogopa kibarua kisije kikaota nyasi, nikajikausha. Sijajisamehe.

Alhamisi mchana alibisha hodi mwanamume nadhifu, mpole kupita kiasi. "Habari za kazi, mama. Nimekuja kukishukuru chuo kwa kumsaidia mke wangu." Akatuonyesha picha kwenye simu yake.

"Hatumjui," Mama Sera akasema.

"Msijali. Mtaa si umeandikwa hapa? Natokea kwake."

Mshonaji tulimkuta hospitali, taya limefungwa waya, wanawe wamekaa sakafuni kando ya kitanda.

Ijumaa kamati ikakaa, picha ikafutwa kwa kauli moja. Mama Sera alirudi ofisini, akaweka muhtasari wa kikao mezani kwangu.

"Kwa nini ulinisikiliza?" akaniuliza.