Watawa Tuliowaombea Overport

Harufu ya nywele za bandia zikichovywa kwenye maji ya moto ndiyo iliyoujaza mwaka wangu wa darasa la sita. Mama alisuka watu kutwa nzima sokoni Warwick, hapa Durban, jioni akasuka wengine nyumbani kwetu, Overport, nami nikisoma kwa sauti pembeni ili asikie Kiingereza changu. Muhula ule tulifundishwa habari za monasteri moja ya Uingereza ya kale. Mimi mtoto wa Uvira, kule Kongo, na watawa wa Kizungu, wapi na wapi? Sikuelewa kitu. Watu wanasali usiku na mchana, wanafuga kondoo wao, kisha mfalme, Mkristo mwenzao, anawafukuza na kuliezua paa lao!

Mama alipoiona picha ya zile kuta tupu, kitana kilimponyoka. "Mungu wangu! Na hao watu, iko wapi sasa?" Nikasema kitabu hakielezi. Hakuuliza ilikuwa lini. Kwetu paa likiezuliwa ni habari ya juzi. Ijumaa akawasimulia akina mama wa kikundi cha sala, Wakongo na Warundi. Wakawaombea watawa kwa machozi, wakawachangia hata mablanketi. Mmoja akauliza yapelekwe ofisi gani. Eish! Sikujua nicheke au nilie.

Nilipopata ujasiri wa kumwambia Mama kwamba mambo yale yana karibu miaka mia tano, nilingoja kofi. Halikuja. Mablanketi yakarudi kwa wenyewe, naye akaniuliza neno moja tu: "Walirudi?" Nikamuuliza mwalimu. Hawakurudi. Baadhi walipewa posho, wengine wakawa mapadri vijijini, wakazeekea huko. Mawe ya monasteri wanakijiji wakajengea mazizi. Mama alisikiliza huku akisuka. "Kumbe hata watu wa sala hawarudi," akasema.

Jumamosi alinunua kitanda. Tangu tufike Durban tulikuwa tukilala kwenye godoro sakafuni, maana, alisema, mtu wa kurudi hanunui kitu kisichoingia kwenye begi. Vijana wa duka walipokipandisha ngazini nilishangilia, kisha nikamwona Mama analia, nikachanganyikiwa kabisa.

Leo nina nyumba yangu hapahapa, na makabati mazito. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ngama yetu ni ipi, hata sasa siijui. Mwezi uliopita nilimwambia Mama nimkatie tiketi akaione Uvira.

"Nitalala kwa nani?" akauliza.