Ubalozi Ambao Mume Wangu Hakuuomba

Aibu hii nimekaa nayo muda wa kutosha, na kwa kuwa Itigi nzima inaijua na kila mtu huisimulia kwa namna yake, nimeona heri niisimulie mwenyewe, walau iwe na mpangilio.

Mume wangu, Baba Zuhura, alifanya kazi wizara ya mambo ya nje kwa miaka mingi, akawahi kutumwa katika ubalozi wetu mmoja huko ughaibuni, kisha akastaafu mapema na kurudi Itigi kufuga nyuki, na tangu hapo neno ubalozi halijamtoka mdomoni. Aliyeendelea kuufikiria ni mimi. (Nilisomea sayansi ya siasa chuo kikuu, na mtu wa namna hiyo akiishia kufundisha uraia sekondari, hubaki na maarifa mengi kuliko matumizi.)

Serikali mpya ilipoingia, mabalozi kadhaa wakarudishwa nyumbani, na kinamama wa kikoba chetu cha kuweka na kukopa wakaniuliza nafasi zile hujazwa vipi. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba rais ndiye anayeteua, kwamba wengine hutoka kwa maofisa waliokulia wizarani na wengine ni wanasiasa waliokosa ubunge au wanajeshi wastaafu, kwamba kabla jina halijatangazwa hufanyika upekuzi, yaani watu wasiojitambulisha huja mtaani kuuliza mwenendo wako, na kwamba hata nchi utakayokwenda huulizwa kimyakimya kama itakupokea. Kila nilichosema kilikuwa sahihi, na usahihi huo ndio ulioniponza.

Wiki hiyohiyo Mama Rehema, mwenye duka mkabala na kwetu, akavuka barabara kunifuata.

"Mwalimu, kuna mzee kaja dukani anauliza habari zenu. Kanzu safi, kofia safi."

"Anauliza nini?"

"Kama Baba Zuhura anakunywa. Kama mnagombana. Watoto mmewalea vipi. Nikamwambia kelele za nyumba ile ni za nyuki tu."

(Kanzu ingepaswa kunishtua, lakini nilijiambia kwamba watu wa kazi ile huvaa kulingana na mtaa.)

Kesho yake mzee mwenyewe akabisha hodi, mume wangu akiwa porini kwenye mizinga, akasema anaitwa Iddi, anatoka Singida mjini, na anapita tu kutusalimu. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mengine yote: sikumuuliza ametumwa na nani. Mtu mwingine yeyote angeuliza, ila mimi nilijua kwamba watu wale hawaulizwi. Nikampa shikamoo yake, nikamwandalia chai, na alipotaka kujua kwa upole familia yetu ina mipango gani, nikajibu kama mtu aliyelisubiri swali hilo tangu chuoni.

"Sisi, mzee wangu, hatuna kinachotufunga hapa. Tukiambiwa kesho tuondoke nchini, tunaondoka sote."

"Hata binti?"

"Hata Zuhura. Ni muuguzi, huko ataongeza masomo. Mambo ya kuolewa hayamo kabisa katika mipango yetu."

Akakiweka kikombe chini taratibu. "Basi nimeelewa," akasema, nami nikaona amependezwa na utayari wetu.

Nilimweleza Mama Rehema kwa siri kwamba Baba Zuhura anapekuliwa awe balozi, na siri ya Mama Rehema haikai dukani. Nikaanza kuitwa Mheshimiwa kisimani na sokoni, nikashona gauni la siku ya kuapishwa (la kwangu, kana kwamba nitaapa mimi), na jioni iliyosemekana mkeka wa mabalozi, yaani orodha ya walioteuliwa, utatoka, kinamama walijaa sebuleni kwangu mbele ya televisheni. Majina yakasomwa mpaka la mwisho. La mume wangu halikuwemo. Naye akaingia wakati huohuo, ananuka moshi wa mizinga, akatutazama.

"Kuna msiba?"

"Tunasubiri uteuzi wako, shemeji," Mama Rehema akamjibu.

"Nani aliniombea?"

Hapohapo simu yangu ikaita. Alikuwa Zuhura, kutoka hospitalini Manyoni, na kwa jinsi chumba kilivyotulia kila mtu alimsikia.

"Mama, ulimwambia nini Mzee Iddi?"

"Wewe unamjuaje?"

"Ndiye mshenga wa kina Salum. Nilikuambia watakuja kuniposa mwezi huu." (Aliniambia, kweli, nami nilikuwa nasikiliza redio.) "Sasa mama yake amesema hawaposi kwa watu wanaohama nchi. Wameanza kutazama kwingine."

Hakupandisha sauti, na ningeona nafuu kama angepandisha. Kinamama wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka chungu alichoacha jikoni.

Kwetu mama wa binti haendi kwa upande wa kijana kuomba mwanawe aposwe. Afadhali akae na uchungu wake. Mimi kesho yake nilipanda basi la kwanza la Singida. Mama yake Salum, Bi Saada, ana duka la khanga mjini, na nilimkuta anazikunja. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Marahaba. Karibu, Mama Balozi. Umepangiwa nchi gani?"

"Nimepangiwa hapa kwako," nikasema, "na nimekuja kuuliza kama nitapokelewa."

Hakucheka. Alikunja khanga nyingine, akaipanga juu ya zilizokunjwa.

"Huyo binti anataka kuolewa au anataka kusafiri?"

"Anamtaka Salum. Safari niliitaka mimi."

Akanisogezea kiti.

Mzee Iddi amerudi kwetu na posa. Baba Zuhura aliniomba nisitie neno mpaka mahari itajwe, nami nilikaa kimya hata pale nilipokuwa na la kusema. Lakini nimeapa jambo moja: atakayebisha hodi kwangu, awe fundi umeme au mjumbe kutoka ikulu, nitamuuliza kwanza ametumwa na nani, na akishanijibu, nitamwita mume wangu.