Mwenye Shamba wa Kinole

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Kinole. Hashimu Abasi anatoka nyumbani kwake na reki begani. Badala ya kushuka kwa njia fupi inayokwenda moja kwa moja mtoni, anageuka kulia na kuanza kupanda.

Anapanda hadi kwenye michungwa ya jirani, anazunguka nyuma ya shule, kisha anaanza kushuka upya huku miguu ikiserereka kwenye tope. Ukimuuliza kwa nini hakupita chini, anajibu bila kukutazama.

"Njia ile ina utelezi."

Utelezi! Mwandishi wa makala haya ana tope hadi magotini kwa kumfuata kwenye njia isiyo na utelezi. Njia fupi imefagiliwa, ina ngazi za mawe, na inapita mbele ya baraza la Mzee Kondo, mjomba wa mkewe. Huo ndio utelezi wake.

Mtoni, Hashimu anaingia kwenye maji ya baridi na kuvuta kwa reki majani na matawi yaliyonasa usiku kwenye chujio. Maji yanapata njia, yanaingia bombani, na chini kidogo, ndani ya kibanda cha bati, mtambo unaongeza mvumo. Anashuka kwenda kuusikiliza. Anagusa beringi kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyompima mtoto homa.

Mtambo huu mdogo wa umeme wa maji ulijengwa na chuo kikuu kimoja cha mjini Morogoro kwa kushirikiana na wanakijiji. Chuo kilileta mashine na mafunzo. Kijiji kilitoa mawe, mchanga, nguvu na mahali. Siku ya uzinduzi kulikuwa na bango lililoandikwa "Ajira za Kijani", maneno yaliyowachekesha sana watu wa Kinole, ambako hata mapaa yameota kijani.

Lakini ajira zimekuja kweli. Hashimu, mwenye miaka 41, zamani alibeba ndizi na mafenesi ya watu kichwani hadi barabarani. Leo ni mwendeshaji wa mtambo na kamati ya umeme inamlipa Sh180,000 kwa mwezi. Wanawake saba wana kazi kwenye kikaushio cha umeme, wanakokausha mdalasini na pilipili manga bila kuiogopa mvua. Vijana wa kijiji wamejifunza kufunga nyaya majumbani.

Hii ni habari njema, na mwandishi alitumwa aiandike hivyo. Tatizo ni kwamba mhusika mwenyewe hataki kutazamwa usoni.

"Waandike kina mama wa kikaushio," anasema. "Mimi niache."

Kando ya kibanda kuna kibao, na juu ya kibao limetundikwa koti la mvua. Manyunyu yanaanza. Hashimu analowana, koti linabaki pale pale. Upepo unalipeperusha kidogo na maandishi yanaonekana: SHAMBA LA NDUGU HASHIMU ABASI.

Hapo ndipo penye aibu yote.

Kwa Waluguru, ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume akioa na kuhamia kwa mkewe, atalima, atavuna, atakula na wanawe, lakini shamba ni la ukoo wa mke na msemaji wake ni mjomba wa mke. Akitaka kupanda hata mkarafuu mmoja lazima aombe, maana mkarafuu hudumu kuliko ndoa nyingi. Shamba lililo kando ya mto huu ni la akina Mwaisha, mke wa Hashimu.

Naye Hashimu hana kisingizio cha ugeni. Ni Mluguru wa mlima wa pili, na kwao yeye ndiye mjomba wa watoto wa dada zake.

"Shemeji yangu angesema vile kwenye shamba letu, ningemtimua," anakiri.

Alisema nini? Neno moja tu. Siku hiyo wageni wa chuo walikuja kupima mahali pa mtambo. Kamera ilikuwa imeshawashwa. Mhandisi Catherine, aliyeongoza msafara, aliwatazama watu waliosimama kando ya mto na kuuliza shamba ni la nani. Macho ya wageni wote yakamwelekea mwanamume aliyekuwa mbele.

"Langu," akasema Hashimu.

Mwaisha alikuwa nyuma yake na sinia la machungwa ya wageni. Mzee Kondo alikuwa pembeni, ameegemea fimbo. Hakuna aliyemsahihisha. Mkwe haaibishwi mbele ya wageni.

"Nilitaka kusema ni la akina Mwaisha," anasema Hashimu, akizungushazungusha mpini wa reki. "Nikaona haya. Watu wa chuo wale, wana kamera, halafu mimi niseme nimeoa tu hapa? Nikaikimbia aibu ndogo. Hii niliyonayo sasa, ndugu yangu, hata kulala nalala nayo."

Baadaye kibao kikaja kutoka mjini, kimeshapakwa rangi. Kikasimikwa siku ya uzinduzi mbele ya kijiji kizima, makofi yakapigwa. Hashimu anasema alitamani ardhi ipasuke, kisha anajisahihisha: hata hiyo ardhi si yake.

Mwaisha hakugomba. Jioni ile ile alimwandalia mumewe chakula na kumwita: "Mwenye shamba, karibu ule." Tangu hapo hajamwita baba Mwanvita tena. Asubuhi ni mwenye shamba, jioni ni mwenye shamba. Majirani nao wakalidaka jina hilo, na watani hawakuliachia.

"Mimi simtukani," anasema Mwaisha, akichambua mdalasini kwenye kikaushio bila kuinua uso. "Namwita alivyojiita."

Kama ingekuwa mizaha ya nyumbani, ingeishia nyumbani. Lakini mtambo ulipo hautoshi: mashine ya kusaga ikiwaka, kikaushio lazima kizimwe. Chuo kiko tayari kuleta mtambo wa pili uwekwe chini kidogo, kwenye shamba hilo hilo, na wanawake wengine kumi wanasubiri kazi. Mhandisi Catherine alipokwenda kwa Mzee Kondo kuomba mahali, mzee alimkaribisha kahawa, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwulizeni mwenye shamba."

Mradi umekwama hapo.

"Tulimuuliza mwanamume aliyekuwa karibu, tukaondoka," anasema Catherine kwa simu. "Tulikuwa na haraka. Mimi mwenyewe naona aibu kulisema."

Mzee Kondo ana maneno machache. "Sina ugomvi na mkwe wangu. Ardhi hii ni ya lukolo, ya ukoo wetu, haihami kwa neno la mtu. Namsubiri tu apite hapa."

Mwandishi alifikisha ujumbe huo. Hashimu aliusikia, akarudi mtoni na reki yake.

Asubuhi iliyofuata akatoka na reki yake, akasimama kwenye njia panda kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha akashuka kwa njia fupi. Mbele ya baraza akaweka reki chini na kuinama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwenye shamba."

Hashimu akachuchumaa pale pale. "Mjomba, mimi si mwenye shamba. Ni mkwe wenu. Nilikosa. Kile kibao nakwenda kuking'oa sasa hivi."

"Usikiguse," akasema mzee. "Kilisimikwa mbele ya watu, kitang'olewa mbele ya watu. Hayo unayoniambia mimi nayajua. Kawaambie uliowaambia lile la kwanza."

Wageni wa chuo wanarudi Alhamisi. Mzee Kondo ameahidi kuwapo, ameegemea fimbo yake pembeni, kama siku ile. Akisikia anachotaka kusikia, mahali pa mtambo wa pili patapatikana.

"Gazeti lenu linafika chuoni?" Hashimu anauliza. "Basi andika: shamba ni la akina Mwaisha, mimi nimeoa tu."

Nimeandika. Lakini sote wawili tunajua kwamba gazeti halitamsaidia, kwa sababu lile la kwanza alilisema kwa mdomo wake.

Anakwenda kwenye kibao, anaondoa koti, analivaa. Jina lake linabaki wazi, na kina mama wanaokwenda kwenye kikaushio wanalisoma wakipita. Masikio yanamwaka. Ndani ya kibanda, mtambo ukivuma, midomo yake inacheza; anarudia sentensi yake mahali ambapo hakuna awezaye kumsikia.

"Alhamisi," anasema akitoka, "nitauzima kwanza."