Mkwe Aliyegeuza Mgongo

Miaka ya hamsini nilikuwa karani mjini Mbeya, na kila niliporudi likizo kwetu Kalenga watu walikuja kukaa uani kunisikiliza. Niliwasimulia baridi ya asubuhi kule Iyunga, mashamba ya Wasafwa yanayopanda mlima, na maduka ya watu waliotoka pwani. Baba hakuwahi kufika mbali zaidi ya Iringa mjini. Alisikiliza huku akichonga mpini wa jembe, mwisho akasema, "Umetembea, mwanangu." Nililipenda neno hilo kuliko mshahara.

Huko Mbeya nilioa binti wa Kinyakyusa. Kwao mke haonani na baba mkwe. Akikutana naye njiani hutoka pembeni, humpa mgongo na kujifunika mpaka mzee apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mama yake alinieleza yote haya kabla ya harusi, nami nikaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Siku tuliyopanda basi kwenda kwa wazazi wangu, vumbi lilituingia hadi mdomoni. Tulipopita Igawa akaniuliza, "Baba yako atakuwepo?"

"Ni kwake. Aende wapi?"

"Basi mtu atangulie kumwambia."

"Kwetu mkwe anasalimiwa kama mtu mwingine yeyote. Huku si kwenu."

"Na mimi je? Nimegeuka mtu mwingine kwa kupanda basi?"

Nilicheka. Abiria wa kiti cha mbele naye akacheka, nikajiona nimeshinda.

Kutoka barabarani tulikwenda kwa miguu. Baba hakutungoja nyumbani. Alitujia njiani pamoja na shangazi yangu, amevaa koti nililomletea likizo iliyopita, mkono ameshaunyoosha tangu mbali. Mke wangu alitua mzigo, akaingia mbio katika mahindi, akatupa mgongo na kuvuta kanga kichwani.

Baba alibaki na mkono wake hewani. "Ananiogopa?" aliniuliza kwa Kihehe, lugha ambayo mke wangu hakuielewa.

"Labda hajaona mwanamume mwenye sura mbaya kiasi hiki," shangazi akasema. "Au huko Mbeya wanasalimiana kwa mgongo?"

Majirani waliokuwa wakipalilia waliegemea majembe yao, wakacheka. Maneno machache tu yangetosha. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza dunia, na niliona aibu kurudi na mke anayechekwa. "Ni ushamba tu, baba," nikasema. "Utamtoka." Nikaingia katika mahindi, nikamshika mkono, nikamvuta hadi mbele ya baba na kuishusha ile kanga.

Alisalimia. Macho alikuwa ameyafumba, na sauti yake hata mimi niliyemshika niliisikia kwa shida.

Baba aliurudisha mkono wake taratibu. "Mwachie," alisema. "Mtu hashikwi hivyo."

Mke wangu hakula chochote kwetu. Asubuhi nilimkuta ameshafunga mzigo. "Umenivua nguo mbele ya baba yako," aliniambia, wala hakupandisha sauti. Nilimsindikiza hadi kwenye basi nikidhani hasira zitamwisha njiani. Alipofika Mbeya hakwenda nyumbani kwetu. Alitafuta gari la kumpeleka kwao. Nilipomfuata, mama yake alinipokea nikiwa nimesimama nje, wala sikuletewa kiti. "Nilikueleza," alisema, kisha akarudi ndani. Hayo tu. Ndoa yetu iliishia pale uwanjani.

Likizo iliyofuata nilikwenda Kalenga peke yangu. Watu walikuja kama kawaida, wakaniona sina la kusimulia, wakaondoka mmoja mmoja. Baba alibaki na mpini wake. Bila kuinua macho akaniuliza yule binti alikuwa na nini siku ile. Nikamweleza mila ya kwao, yote, kama nilivyoelezwa na mama mkwe wangu.

"Kumbe alikuwa ananiheshimu."

"Ndiyo, baba."

"Nawe ulijua?"

"Nilijua."

Alichonga kwa muda mrefu. Vipande vya mti vilimwangukia miguuni, asivipanguse.

"Ungeniambia," alisema, "ningekuwa napita nyuma ya nyumba. Ningepita huko mpaka nife, tatizo liko wapi?"

Niliendelea kuhamishwa mji hadi mji, na kila niliporudi alinipokea vizuri. Ila hakuniambia tena kwamba nimetembea.